Ukitaka kuzuia posa ya mtoto, wahi kabla ng'ombe hawajaingia zizini

Nimekuwa mshenga miaka ishirini na miwili, kwanza Magu na Kwimba, halafu huku Kayenze, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, nilikohamia kufuata dagaa. Nimekaa kwenye mikeka mingi, nimehesabu ng'ombe kwa njiti mbele ya wazee wa pande mbili. Posa tatu kati ya hizo zilikuwa za watoto. Siku hizi naitwa kuzizuia, na aliyezoea kupitisha posa anajua inakatika wapi. Haya nawaandikia jirani, mjomba, mwalimu, na mama anayeanika dagaa mwaloni, pale ufukweni inapofikia mitumbwi, akasikia jambo.

Anza na ng'ombe. Barua ya posa ikishaletwa, watu bado wanaweza kurudi nyuma bila aibu kubwa. Mahari ikishaingia zizini, inaanza kugawanyika siku hiyohiyo. Mjomba anachukua wake, deni la dukani linalipwa, na mara nyingi ng'ombe walewale wanatoka tena kwenda kumtolea mahari kaka yake binti. Baada ya wiki mbili baba hata akitaka kurudisha, hana cha kurudisha. Ukimfuata wakati huo atakuwa mkali, na watu watasema hampendi mwanawe. Mara nyingi anampenda, ila ameshakula mali ya watu.

Ujue msimu

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo binti yuko nyumbani, hana sare, hana mwalimu wa kuuliza yuko wapi, na mvua ikichelewa chakula kinapungua. Posa nyingi za watoto nilizozisikia zimepangwa hapo.

Kuna jambo linaanza hata kabla ya mtihani. Mzazi anamwambia binti ajifelishe: aandike ovyo, au aache karatasi tupu. Lengo ni jina lisitokee kwenye waliochaguliwa, ili akiozwa pasiwe na mtu wa kusema ni mwanafunzi. Kwa hiyo mwalimu ukiona binti aliyekuwa akishika nafasi za juu ameporomoka ghafla kwenye mitihani ya majaribio ya Julai au Agosti, usimchape. Muulize nani kamwambia nini.

Huku mwaloni hali ni tofauti kidogo. Giza likiingia, mwezi hauonekani, mitumbwi inatoka na taa, na vijana wa kambini wanarudi na fedha taslimu. Binti anayegeuza dagaa juani kutwa anaiona fedha hiyo, na mama yake pia anaiona. Hapo hakuna hata ng'ombe wala mshenga. Anahamia tu kambini, na mwezi ukirudi kijana kahamia kisiwa kingine.

Dalili

Kuna mara moja nilishtuka kwa sababu ya ndoo. Binti wa jirani alikuwa akipita kwangu kila jioni kuchota maji, mara akaanza kuja mdogo wake. Nilipouliza, mdogo akasema dada hatoki jua lisimchome. Msichana wa miaka 14 kuwekwa ndani ang'ae! Nikajua wageni wako njiani. Dalili nyingine ni kitenge kipya kisicho na sikukuu, shangazi wa mbali aliyekuja bila msiba, na baba aliyekuwa akilalamikia deni akawa kimya.

Ongea na binti mwenyewe, lakini usiende kwao. Mkute kisimani, shambani, au akitoka kanisani. Usimuulize kama anataka kuolewa, atakuambia anavyofundishwa. Muulize wageni wanakuja lini. Atakutajia siku, na hiyo siku ndiyo unayoihitaji.

Kisha tafuta ushahidi wa umri mapema. Kwenye kikao nimesikia binti wa miaka 13 akiapiwa kuwa ana 18. Kadi ya kliniki ndiyo bora, na ikiwa imepotea, rejesta ya shule ina mwaka wa kuzaliwa. Piga picha kwa simu. Kadi huchomwa, nimeshuhudia.

Nani aongee na nani

Usimwanze baba. Ukimwanza baba mbele ya watu, umemlazimisha atetee heshima yake. Anza na bibi mzaa mama au mjomba, maana neno lao halipuuzwi, kisha mama. Baba muendee jioni, mkiwa wawili, ukiwa umeshajua shida yake hasa ni nini. Mmoja aliniambia, "Mzee mwenzangu, kijana wangu amempa mtu mimba, wakwe wanataka ng'ombe sita. Nitawatoa wapi?" Kumhubiria huyo kungekuwa kazi bure. Tulikwenda kwa wakwe wa kijana tukaomba mahari ilipwe kidogokidogo, tukapeleka wawili. Binti akabaki shuleni.

Kitu ambacho wengi hawakijui: mfuate mshenga wa upande wa pili. Yeye hana ng'ombe wake pale, hana cha kupoteza akijitoa, na mshenga akijitoa kikao kinavunjika. Mwambie sheria taratibu. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na wazee wanaikumbuka hiyo tu. Lakini mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Kwa mama na bibi sitaji sheria. Nawasimulia habari ya binti wa pili kati ya wale watatu wangu.

Alikuwa na miaka 14, mahari ng'ombe kumi na wawili, njiti nilizipanga kwa mkono huu. Mwaka uliofuata alikaa na uchungu siku mbili nyumbani kabla hawajampakia kwenye baiskeli. Mtoto alifia tumboni. Nyonga yake ilikuwa bado haijakomaa, kichwa cha mtoto kikakandamiza nyama mpaka zikafa, pakabaki tundu kati ya kibofu na uke, mkojo ukawa unatoka wenyewe. Mume akamrudisha kwao. Nilipokwenda kumsalimia alinyanyuka kwenye kigoda, akafuta alipokaa kwa pindo la kanga, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza uji. Mama yake alisema anakwenda kufua ziwani kabla ya adhana ya alfajiri asionekane. Baadaye alifanyiwa upasuaji hospitali ya Bugando, akapona. Alikuwa ameishi hivyo miaka miwili, na mimi ndiye niliyebeba barua.

Wakikataa

Nenda kwa mwalimu mkuu, afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Nenda ofisi mbili siku moja, usitegemee moja. Mwaka mmoja nilimpelekea habari kiongozi mmoja peke yake, kumbe alikuwa amealikwa kwenye sherehe hiyohiyo. Ndoa iliyokuwa ya Jumamosi ikafungwa Alhamisi usiku. Andika tarehe, kijiji, umri, na jina la anayeoa, ubaki na nakala.

Na akiwa ameshaolewa, usimzike. Akiwa mjamzito, msisitizie kliniki na kujifungulia hospitali, aondoke nyumbani kabla uchungu haujaanza. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi shule, na ada ya sekondari ya serikali hakuna. Kinachokwamisha ni nani atabaki na mtoto mchanga, kwa hiyo zungumza na bibi kuhusu hilo kwanza.

Posa ikivunjika, kazi haijaisha. Baba ana hasira, binti anaitwa mkosi, na mwezi unaofuata anaweza kusafirishwa usiku "kwa shangazi Geita". Tafuteni sare na madaftari watu watatu wanne, hata kwenye kikoba. Halafu Januari shule ikifunguliwa, pita pale kwao saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama unakwenda mwaloni, uone kama ametoka na begi. Pita na Jumatatu inayofuata.