Umependa jina la Kiigbo? Soma hivi kabla hujampa mtoto

Kama umeangalia filamu za Kinaija mpaka ukampenda Chioma au Emeka na sasa tumbo ni la miezi saba, ngoja kidogo kabla hamjaenda NIRA, ofisi ya usajili hapa Uganda, kuandikisha mtoto. Waigbo, watu wa kusini mashariki mwa Nigeria, hawampi mtu jina kwa sababu linasikika vizuri tu, jina kwao linasema kitu kizima, na mwanao atatembea nalo maisha yake yote.

Anza kwa kutafuta Chi. Ukiiona mwanzoni au mwishoni ujue Mungu anatajwa, na Chukwu ni chi na ukwu, yaani Mungu mkuu. Kwa imani ya zamani chi ni roho inayoenda na kila mtu peke yake, ndo maana wana methali onye kwe, chi ya ekwe, mtu akikubali na chi yake inakubali, ila Wakristo wakisema Chi wanamaanisha Mungu. Sasa soma kilichobaki. Chidi, Mungu yupo. Chinedu, Mungu anaongoza. Kelechi, mshukuru Mungu, huyo ni Tumusiime wetu kabisa! Na Ngozi ni baraka, ndo Mugisha.

Halafu uliza jina refu, sababu mengi yamekatwa. Emeka ni ametenda makuu, nani ametenda? Chukwuemeka ndo inakwambia. Nkechi ni Nkechinyere, alichotoa Mungu.

Hapa kaa makini sana. Kuna majina yaliyotoka kwenye uchungu. Ozoemena maana yake lingine lisitokee tena, linatolewa familia ikishapata msiba. Onwubiko ni kifo, nakusihi. Yanasikika matamu lakini ni dua za watu waliozika, mi naona kama hayo hayajakupata usiyachukue. Nnamdi nalo ni baba yangu yu hai, mara nyingi hupewa mtoto aliyezaliwa babu ameshafariki wakiamini karudi, kwa hiyo kama babu yupo ongea naye kwanza.

Okafor na Okonkwo usizichanganye na kina Okello na Okot wa kaskazini kwetu. Wiki ya soko ya Waigbo ina siku 4, Eke, Orie, Afo na Nkwo, na mwanaume aliyezaliwa siku hizo ni Okeke, Okorie, Okafor, Okonkwo, kama sisi tuna Juma na Khamisi. Msichana wa Eke ni Mgbeke. Siku hizi mengi yamebaki majina ya ukoo.

Matamshi: mtafute Mwigbo alitamke umrekodi kwa simu, maana sauti ikipanda au kushuka maana inageuka, akwa inaweza kuwa yai, kilio, nguo au kitanda. Ile N ya mwanzo isikutishe, N-ke-chi, unaitoa kama unavyosema n-chi.