Nani Anakula Bata Wako, na Jinsi ya Kumfungia Njia

Usinunue wavu wala usimlaumu paka wa jirani kabla hujamjua muuaji. Mwewe hajali uzio mrefu, mnyama mchimbaji hajali kufuli, na panya hajali vyote viwili. Bata naye ana udhaifu wake: hulala chini, hukimbia polepole, na jike anayeatamia mara nyingi habanduki kwenye mayai hata adui akimfikia.

Hatua ya 1: Usiku wa leo

Wafungie ndani ya chochote kigumu: stoo, bafu la nje, kreti kubwa lenye kifuniko kizito. Mnyama aliyepata bata mmoja kwa kawaida hurudi, mara nyingi usiku unaofuata na karibu saa ileile.

Hatua ya 2: Soma mzoga kabla hujaufukia

Vaa glavu. Kama bata kadhaa wamekufa bila jeraha hata moja, usiwachune. Mwite daktari wa mifugo, kwa sababu hilo linaweza kuwa ugonjwa.

Kama kuna majeraha, hakikisha kwanza kwamba ndiyo yaliyomuua. Bata aliyejifia huliwa usiku huohuo na paka au panya, halafu mfugaji anahangaika kumwinda asiyehusika. Chuna ngozi ya shingo na mgongo. Palipong'atwa bata akiwa hai, damu huwa imevilia chini ya ngozi, na nyama inayozunguka tundu la jino ina rangi nyekundu nzito au zambarau. Matundu makavu yasiyo na damu iliyovilia ni ya mla mizoga.

Kisha tazama manyoya. Ndege mwindaji huyanyonyoa, kwa hiyo mashina yake ni mazima hadi ncha, yametawanyika kuzunguka mzoga, na nyama ya kifua imeliwa palepale. Mnyama wa miguu minne huyatafuna: mashina yamekatika na manyoya yamegandana kwa mate.

Baada ya hapo, linganisha na haya:

- Wengi wameuawa lakini hawakuliwa. Washukiwa wakubwa ni mbwa na kicheche. Mbwa huacha majeraha mapana makalioni, mapajani na kwenye mabawa, na mizoga huwa imetapakaa. Kicheche na jamaa zake huacha matundu madogo yaliyokaribiana kwenye kisogo au shingo, na mara nyingine hurundika mizoga pembeni.
- Bata mzima ametoweka, yamebaki manyoya machache yanayoelekea kichakani. Mbweha. Akiwa na vitoto hubeba mmoja baada ya mwingine, hata mchana.
- Kichwa na shingo tu vimeliwa. Bundi, kama mzoga uko mahali pa wazi. Kama umelala ukiwa umegusana na wavu, kichwa kilivutwa nje kupitia matundu. Rakuni, mnyama mwenye asili ya Amerika, hujulikana kwa hilo mahali anapoishi.
- Vifaranga wanapungua mmoja mmoja bila kelele. Panya, nyoka, kenge au paka. Mchana, ongeza kunguru.
- Mayai. Yamepotea bila ganda: nyoka, kenge au panya. Yana tundu la mdomo: kunguru. Yamepasuliwa na kurambwa safi: nguchiro au kicheche.

Hatua ya 3: Thibitisha

Mwaga mchanga laini ulioloweshwa kidogo, unene wa sentimita 2 na upana wa nusu mita, mbele ya mlango na kando ya ukuta. Vidole vinne na kucha ni mbwa au mbweha. Nyayo za mbweha ni nyembamba na hufuatana karibu katika mstari mmoja. Vinne bila kucha ni paka. Vitano na kucha, nyayo ndogo, ni kicheche au jamaa yake. Mburuzo wa mkia katikati ya nyayo ni kenge.

Ukiwa na kamera inayojiwasha kwa mwendo, ifunge nusu mita juu ya ardhi, mita 3 hadi 4 kutoka mahali unapopashuku, isielekee mawio ya jua.

Hatua ya 4: Ziba banda

Hapa ndipo pesa na muda vitumike, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Achana na wavu mwembamba wa kuku wenye matundu ya pembe sita. Unazuia bata wasitoke. Hauzuii muuaji asiingie. Mbwa huurarua kwa meno, na panya hupita bila kujibana. Tumia wavu mgumu wa chuma uliochomelewa, matundu ya milimita 13, waya wenye unene usiopungua milimita 1. Ukilea vifaranga, ongeza wavu wa milimita 6 kwenye sentimita 60 za chini, kwa sababu panya wachanga na nyoka wembamba hupenya kwenye 13.

Wavu mzuri haushindwi katikati, hushindwa kingoni. Pini za stepla hung'oka kwa kusukumwa mara chache. Weka skrubu zenye washa pana (pete bapa za chuma) kila sentimita 10, au, bora zaidi, bana ukingo wote wa wavu kwa ubao mwembamba uliopigwa skrubu. Ufunge upande wa nje wa fremu ili anayesukuma azidi kuukandamiza kwenye mbao. Vipande viwili vinapokutana, vipishane sentimita 10 na ushone kwa waya.

Sasa chini. Mchimbaji huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta wavu, hujaribu tena palepale au hatua moja kando. Ni nadra arudi nyuma nusu mita na kuanzia huko. Kwa hiyo kunja wavu umbo la L na ulaze sentimita 60 juu ya ardhi kuelekea nje, kuzunguka banda lote. Upigie vigingi kila sentimita 30, kisha ufunike kwa mawe au uache nyasi ziotee ndani yake. Njia hii ni bora kuliko kuuzika wima: hakuna mtaro wa kuchimba, na kutu unaiona mapema. Lakini wavu uliolazwa lazima ushonwe na ule wa ukutani. Ukiachana hata sentimita 5, ndipo atakapoingilia. Kwenye pembe, usikate na kuacha pengo la pembetatu; weka kipande cha ziada juu yake. Mlangoni, ambapo wavu ungekwaza miguu na toroli, tandika zege au mawe bapa, na pengo chini ya mlango lisizidi sentimita 1.

Usizibe kila kitu kwa mbao. Pumzi ya bata ina unyevu mwingi. Banda lisilopitisha hewa hulowesha matandiko na kujaa harufu kali inayoumiza macho na mapafu. Acha matundu ya hewa karibu na paa, yafunikwe kwa wavu uleule.

Mwisho, jaribio ambalo halipaswi kurukwa: usiku, washa taa kali ndani ya banda, funga mlango, zunguka nje. Kila mwanga unaotokea mahali pasipofunikwa na wavu ni tundu. Kicheche hupita kwenye tundu dogo kuliko unavyodhani. Angalia hasa mikunjo ya mabati inapokaa juu ya ukuta, mahali ambapo watu wengi hawatazami.

Hatua ya 5: Komeo

Liwe la vitendo viwili: komeo la kusukuma, pamoja na kulabu ya springi ya kulizuia. Kulabu ya kuning'iniza peke yake huinuliwa kwa pua.

Hatua ya 6: Jioni

Bata hawaaminiki kujirudisha wenyewe kama kuku, ndiyo maana mlango unaojifunga wenyewe haufai: unaweza kuwafungia nje. Wape chakula kidogo bandani kabla ya giza, wahesabu, ondoa mabaki yasiite panya, kisha funga. Fungua saa mbili baada ya jua kuchomoza. Wengi watakuwa wameshataga ndani. Jike akitagia kichakani, mhamishe na kiota chake usiku.

Hatua ya 7: Mchana

Dhidi ya mwewe, funika ua kwa wavu wa matundu ya sentimita 5 uliokazwa; uliolegea hunasa mabawa. Sanamu ya bundi huzoeleka ndani ya siku chache.

Dhidi ya mbwa na mbweha, uzio wa umeme wa mifugo hufanya kazi vizuri: nyaya tatu, sentimita 15, 30 na 45 kutoka ardhini. Ukiwa dhaifu, tatizo mara nyingi ni nyasi zinazogusa waya au udongo mkavu kwenye fimbo za ardhi, yaani fimbo za chuma zinazounganisha mashine ya uzio na udongo. Weka fimbo tatu za mita 1 na uzimwagilie, kisha pima mwisho wa waya: isipungue volti 4,000.

Sumu usitumie kabisa. Bundi, paka na mbwa hula panya aliyekula sumu, na bata mwenyewe anaweza kuiokota. Ndege wawindaji wanalindwa na sheria katika nchi nyingi, kwa hiyo mitego nayo ina hatari zake.

Acha mchanga mlangoni wiki mbili zaidi. Ukikuta udongo umekwaruzwa kwenye ukingo wa wavu uliolazwa na bata wote wapo, jazia hapo, ongeza jiwe, na uangalie tena kesho yake.