Jinsi ya kuweka daftari la kazi kama we ni developa

Kama kazi yako ni kuandika programu utakuwa umeshaona kwamba kinachokula siku siyo kuchapa kodi (code, maagizo ya programu), kuchapa ni sehemu ndogo tu. Muda unaishia kwenye kukumbuka ulikuwa umefika wapi, kuelewa upya kitu ulichokielewa juzi, na kuhangaika na bagi, yaani kosa kwenye programu, ambalo una uhakika ulishakutana nalo mwaka jana ila dawa yake imekutoka kichwani. Watu wengi wakiona mambo hayaendi wanahamia edita nyingine, wanapakua app ya kupanga kazi, wiki ya pili wameiacha. Mi naona tatizo halipo huko kabisa. Kichwa kinabebeshwa vitu ambavyo vilitakiwa kuandikwa mahali.

Fungua faili moja la maandishi ya kawaida. Moja tu, siyo folda yenye mafolda ndani. Andika tarehe ya leo, chini yake andika mambo ya leo, kesho unaweka tarehe ya kesho, basi. Marangi na majedwali achana nayo. Maandishi ya kawaida yanafunguka kwenye kompyuta yoyote na hata yakifika ya miaka mitano unayapekua kwa grep, amri ya kutafuta maneno kwenye mafaili, ndani ya sekunde. Ukitaka liweke kwenye Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ila iwe ripo (hifadhi) yako binafsi, na pasiwedi, funguo za API (za kuunganisha programu na huduma nyingine) na taarifa za wateja zisiingie humo hata siku moja. Hapo silegezi.

Asubuhi andika sentensi moja ya kitu unachotaka kiwe kimeisha leo. Usiandike "kushughulikia malipo", maana hiyo haina mwisho, jioni hutajua kama umemaliza. Andika "mteja akibonyeza kulipa mara mbili, malipo ya pili yakataliwe, na testi yake iwepo". Hiyo unaijua imeisha au haijaisha.

Sasa faida kubwa iko kwenye kutafuta mabagi. Kabla hujagusa kodi andika kinachotokea, ulichotegemea kitokee, na unachodhani ndiyo sababu. Tuseme ukurasa wa oda unachukua sekunde 8 kufunguka. Unaandika: nadhani databesi haina indeksi ya kuharakisha utafutaji. Halafu chini yake: nitajuaje? Unaendesha EXPLAIN, amri ya databesi inayoonyesha inavyotafuta data, unakuta indeksi ipo na inatumika vizuri tu. Andika kwamba dhana hiyo imekufa, usiifute, iache hapo hapo. Unawasha logi za kweri, yaani rekodi ya maombi yanayotumwa kwenye databesi, unakuta ukurasa wenye oda 50 unatuma kweri 51, moja ya kuleta orodha na nyingine 50 za kuleta jina la mteja wa kila oda moja moja. Mchawi umempata. Bila kuandika ungeongeza indeksi, ungeweka kashe (kumbukumbu ya majibu yaliyokwishapatikana), ungerestati seva, vyote kwa pamoja, na hata ukurasa ukipona usingejua kilichouponya ni kipi.

Na kwa nini hizo dhana zilizokufa zibaki? Kwa sababu Git inakuonyesha kilichobadilika, haikuonyeshi njia ulizojaribu zikagoma, na hizo ndizo utakazozirudia baada ya miezi sita au atazirudia mwenzako mwanzo mwisho.

Tabia hii siyo mpya kwenye fani yetu. Tarehe 9 Septemba 1947 waliokuwa wanaendesha kompyuta ya Mark II pale Harvard walikuta mdudu nondo amenasa kwenye relei (swichi ya umeme), wakambandika kwenye daftari lao la kazi wakaandika na maelezo pembeni, na daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo kwenye makumbusho ya Smithsonian. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, naye alikuwa anaandika kila kosa alilolirekebisha kwenye TeX, programu yake ya kupanga maandishi ya vitabu, rekodi zinaanzia 1978, na mwaka 1989 akazichapisha zikiwa zimepangwa kwa aina. Hapo kwenye kupanga kwa aina pashike, tutapahitaji.

Ukiitwa mitingi au mtu akikusimamisha, kabla hujainuka andika mstari mmoja wa hatua inayofuata. "Naangalia kwa nini tokeni ya kuingia inaisha mapema, kinachofuata ni saa ya seva." Mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi moja kwenda nyingine sehemu ya mawazo inabaki kule alikotoka, na nadhani kila developa anaijua hali hiyo, uko kwenye mitingi lakini bado unaiona ile fankisheni. Jioni fanya hivyo hivyo kabla ya kufunga laptopu.

Mwisho wa wiki soma yote. Usiliruke hili, ndilo linalokukuza. Weka alama kila ulipokwama, ziite kwa aina: mazingira ya testi hayakuwaka, rikwayamenti (kinachotakiwa kutengenezwa) haikueleweka, saa za kanda tofauti zimechanganyika, SQL (lugha ya databesi) imenishinda. Aina inayojirudia ndiyo ya kushughulikia, kama ni mazingira ya testi omba muda uyatengeneze na mistari ya daftari ndiyo ushahidi wako mbele ya bosi, kama ni SQL basi ndicho kitu cha kusoma mwezi huu, hata kama kila mtu anasifia freimuweki mpya iliyotoka juzi. Kujiendeleza kwa kufuata fasheni kunachosha watu wazuri sana kwenye hii kazi, wanasoma kila kitu na bado wanakwama pale pale, inaniuma nikiona.

Ukiruka siku mbili tatu usirudi nyuma kujaza. Andika tarehe ya leo uendelee.