Kabla hujapiga eksirei ya jino, hasa ukiwa huku kwetu kwenye joto

Nawaandikia nyie mnaoanza kwenye vikliniki vya meno huku Mtwara na Lindi ambako bado tunatumia filamu na kuziosha kwa mkono. Waliohamia digitali wapite tu.

Mgonjwa avue miwani, hereni na meno ya bandia, mvalishe aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, mwambie atulie. Najua umefundishwa, na najua utasahau.

Upande mweupe wa filamu ndo uangalie mashine. Ukigeuza, ile karatasi ya risasi ya ndani inakaa mbele, picha inatoka imepauka na ina michoro kama tairi la bodaboda limepita, alafu unaanza kusema mashine mbovu. Koni nayo, lile bomba la mashine linalotoa mionzi, ifunike filamu yote, la sivyo unabakiwa na kipande cheupe kitupu. Koni ukiilaza sana jino linatoka refu kama pembe ya ng'ombe, ukiiinamisha sana linatoka kibutu, na daktari anayesafisha mzizi akiamini urefu huo mmeumia wote.

Sasa maji. Hapa ndo nilipoungulia mimi.

Ilikuwa Desemba, jua la saa saba mchana, nimechanganya developa mpya, ile dawa ya kuibua picha kwenye filamu, kwa maji ya bomba na bomba lenyewe linatoka kwenye simtank jeusi juu ya paa. Akaja babu mmoja katoka Tandahimba na gari la alfajiri, shavu limevimba. Nikapiga, nikaosha dakika 5 kama nilivyokariri chuoni, picha ikatoka nyeusi tii kama masizi ya sufuria. Nikajua nimezidisha mionzi, nikapunguza muda, nikarudia, nyeusi vilevile. Ya tatu babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, unanipiga picha au unanibanika?" Nikacheka, ila moyoni nimeshachoka. Jioni akapita mzee aliyenitangulia kazini, hakusema kitu, akatumbukiza kipimajoto kwenye developa: nyuzi 34! Zile dakika 5 nilizokariri ni za nyuzi 20, ikifika 27 hivi ni dakika 2 na nusu tu, na ikipanda zaidi dawa inaanza kula hata sehemu ambazo hazijapigwa mionzi, na ule utando wa picha unalainika mpaka ukucha ukigusa unabanduka. Yani babu wa watu kala mionzi mara tatu kwa sababu ya simtank.

Kwa hiyo teka maji usiku au alfajiri, yakae ndani kwenye ndoo yenye mfuniko. Siku ya joto kali weka chombo cha developa ndani ya beseni la barafu, hata ile ya wauza samaki wa feri inafaa, ila barafu isiingie kwenye dawa yenyewe maana utaizimua. Pima joto kwanza ndo uangalie saa, na karatasi ya dakika na nyuzi bandika ukutani, usijifanye una kichwa.

Fiksa, ile dawa ya kuifanya picha isifutike, mpe dakika 10, maji yanayotiririka 20, ukiharakisha picha itageuka kahawia ndani ya faili siku mgonjwa anarudi. Mkono wenye fiksa usiguse filamu ambayo haijaingia developa, utaona madoa meupe. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye hanga, kile kibanio cha kuning'inizia filamu, kabla ya kuosha. Taa nyekundu ya chumba cha giza nayo ijaribu: fungua filamu mpya gizani, weka sarafu juu, washa taa hiyo dakika 2 au 3, osha, ukiona duara la sarafu ujue taa haifai. Filamu zisikae dirishani, angalia tarehe ya kuisha, na dada wa mapokezi mwambie agonge kabla ya kufungua chumba cha giza, hata kama analeta chai.