Pai ya samaki yenye viazi juu, isiyogeuka supu

Pai hii ikiharibika, mara nyingi mharibifu ni maji. Samaki ana maji, viazi vina maji, njegere zina maji, na vyote huyaachia ndani ya oveni. Ukichota kijiko cha kwanza unakuta viazi vinaelea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hapa ni kuyadhibiti maji hayo kabla bakuli halijaingia motoni.

Mahitaji (walaji wanne au watano)

- Minofu ya samaki gramu 700, isiyo na ngozi. Theluthi yake ikiwa ya samaki wa moshi, ladha hukolea zaidi
- Kamba wabichi waliomenywa, gramu 150
- Viazi mviringo kilo 1
- Maziwa nusu lita, na mengine kidogo ya viazi
- Siagi gramu 110 na unga wa ngano gramu 60
- Mayai 3, njegere kiganja kimoja, kitunguu kimoja
- Haradali, kungumanga, limau, kotmiri, chumvi, pilipili manga
- Jibini ya kukwaruza, kidogo tu. Ikizidi, utakula pai ya jibini

Hatua ya 1: Viazi

Chagua viazi vya unga, vile vinavyovunjika vikiiva. Menya, kata vipande vinavyolingana, anza navyo kwenye maji baridi yenye chumvi ili viive sawasawa hadi ndani. Vikilainika, mwaga maji yote, kisha virudishe kwenye sufuria ileile juu ya moto mdogo. Vitikise dakika moja au mbili. Mvuke utapanda kwa wingi halafu utapungua, na kingo za vipande zitapauka kama zimepakwa chokaa. Hapo ndipo vimekauka.

Ponda kwa mkono. Blenda huvigeuza gundi. Tia siagi gramu 50 kwanza, halafu maziwa ya moto kidogokidogo, na uache vikiwa vizito kuliko vya kuliwa sahanini.

Hatua ya 2: Samaki

Panga minofu kwenye sufuria pana, mimina maziwa nusu lita, weka nusu ya kitunguu. Washa moto wa wastani hadi viputo vidogo vianze pembeni, zima, funika, subiri dakika 5. Usiache maziwa yatokote. Minofu iachane ukiigusa kwa uma, lakini katikati ibaki mbichi kidogo, kwa sababu oveni itaimalizia.

Iopoe, iweke kwenye chujio juu ya bakuli. Maji yatakayodondoka usiyamwage: yana ladha, na sasa bado kuna unga wa kuyakamata. Yachanganye na yale maziwa, uchuje. Ichambue minofu vipande vikubwa huku ukipapasa miiba kwa vidole. Macho peke yake hayatoshi.

Hatua ya 3: Sosi

Katakata nusu ya kitunguu iliyobaki, ikaange kwenye siagi gramu 60 hadi ilainike bila kubadilika rangi. Tia unga, koroga dakika 2 ili harufu ya ubichi iishe. Sasa ongeza maziwa yakiwa ya uvuguvugu, kidogokidogo, ukikoroga kila mara hadi yachanganyike kabla ya kuongeza mengine. Mabonge huja kwa haraka ya kumimina. Acha ichemke taratibu dakika 5.

Pitisha mwiko kwenye kitako cha sufuria. Ile njia inayobaki nyuma yake ikae wazi muda wa kuhesabu moja, mbili, ndipo ijifunge. Ikijifunga papo hapo, endelea kupika. Utaona imekuwa nzito mno. Iache hivyohivyo, kamba watailegeza.

Malizia kwa kijiko kidogo cha haradali, kungumanga kidogo, maji ya limau na kotmiri. Chumvi iwe ya mwisho, na baada ya kuonja, hasa kama umetumia samaki wa moshi.

Hatua ya 4: Kupanga

Chemsha mayai dakika 8, menya, kata vipande vinne vinne. (Wapo wanaoyaacha. Mimi naona pai bila mayai ina upungufu.) Wakaushe kamba kwa kitambaa safi, uwaweke wakiwa wabichi. Panga samaki, kamba, mayai na njegere kwenye bakuli la oveni, mimina sosi, kisha iache ipoe hadi juu ipate utando. Viazi vikiwekwa juu ya sosi ya moto huzama.

Anza kuweka viazi pembeni, ukivigandamiza kwenye ukingo wa bakuli, ndipo umalizie katikati. Chora mistari kwa uma, nyunyizia jibini.

Hatua ya 5: Kuoka

Oveni nyuzi 200, dakika 30 hadi 35. Weka sinia chini yake. Imeiva ikiwa juu ni ya dhahabu na pembeni panatoka viputo vizito, vya polepole. Iache dakika 10 kabla ya kupakua ili sosi ishikane.

Ukiiandaa asubuhi kwa ajili ya jioni, ifunike uweke kwenye friji, na uongeze dakika 10 hadi 15 za kuoka. Ya kugandisha usiitie mayai, yanakuwa kama mpira. Na kama kamba walitoka kwenye friza, ioke kwanza, ipoe, ndipo uigandishe.