Wakati wa Kuunda DAO katika Programu ya Wavuti

Anayeandika programu ya wavuti kwa Java hufika mahali akajiuliza iwapo objekti ya kufikia data, ambayo wengi tunaiita DAO tu, iundwe seva inapowaka au kila ombi linapoingia. Kabla ya kujibu, fungua klasi yenyewe uangalie imebeba nini. Ikiwa ndani yake mna maagizo ya SQL (lugha ya hifadhidata) na rejeo la hodhi la miunganisho, yaani mkusanyiko wa miunganisho ya hifadhidata iliyo tayari kuazimwa, pekee, moja inatosha kuhudumia maombi yote, kwa hiyo iunde mara moja programu inapoanza. Spring, kiunzi cha kujengea programu za Java, hufanya hivyo bila kuambiwa. Anayetumia servleti tupu, yaani klasi ya Java inayopokea maombi ya wavuti bila kiunzi, aiunde ndani ya mbinu yake ya init(), inayoitwa kabla servleti haijapokea ombi lolote.

Hali ni nyingine kabisa DAO inaposhikilia muunganisho wenyewe. Servleti moja huhudumia maombi mengi kwa pamoja, kila ombi katika uzi wake (thread), hivyo, tuseme katika mfumo wa ushirika wa akiba na mikopo, mwanachama anayeweka akiba na mwenzake anayerejesha mkopo watapita katika muunganisho uleule, na muamala (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa au kufutwa kwa pamoja) wa mmoja ukighairiwa, wa mwingine ambao haujathibitishwa unafutika nao. Niliwahi kurithi mfumo wa namna hiyo. Mchana kutwa ulikwenda vizuri, lakini kila asubuhi mtu wa kwanza kuingia alikumbana na kosa, kwa sababu hifadhidata ya MySQL, mpangilio wake wa awali usipoguswa, hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa 8, na usiku wa ofisi ni mrefu kuliko hizo. Tiba ya waliokuwa wakiutunza ilikuwa kuwasha seva upya kila alfajiri.

Kwa hiyo DAO iundwe mapema, muunganisho uchelewe: uombe kwenye hodhi ndani ya mbinu ya DAO kama tafutaMwanachama(), usome safu unayoitaka, uurudishe papo hapo. HikariCP, maktaba ya Java inayosimamia hodhi hilo, kwa kawaida hutoa miunganisho isiyozidi 10, na ombi la 11 husubiri hadi sekunde 30 ndipo lipate kosa; basi usikae na muunganisho mkononi huku ukingoja jibu la huduma ya malipo ya simu.

DAO ya kila ombi ina nafasi yake pale ambapo akaunti mbili zinaguswa katika muamala mmoja, kwa maana AkibaDAO na MkopoDAO hulazimika kutumia muunganisho mmoja. Hapo fungua muunganisho, ziunde zote mbili juu yake, thibitisha muamala, kisha uziache zipotee. Kuunda objekti ndogo kama hizo hakugharimu chochote cha kuhesabu.