Anza na saa tisa za usiku: kuuingiza umeme wa upepo kwenye gridi ya Unguja

Usianze na mapanga ya mnara wa upepo. Anza na saa tisa za usiku mwezi wa Mei, masika yanamalizikia, mahoteli mengi ya pwani ya mashariki hayana wageni, viyoyozi vimezimwa na Unguja nzima imelala. Megawati zinazosomeka saa hiyo kwenye kituo cha kupokelea umeme cha Mtoni ndiyo namba ya kwanza ya kuandika kwenye daftari lako. Wengi wanaoleta miradi huanza na namba nyengine: usiku wa Januari, joto la kaskazi, wageni wamejaa, kila chumba kina kiyoyozi. Namba hiyo hupendeza kwenye karatasi ya kuombea mkopo, lakini haikwambii gridi itabeba minara mingapi ya upepo. Hilo utaambiwa na usiku wa Mei, matumizi yakiwa madogo kuliko yote.

Mimi kazi yangu ilikuwa rilei na breka, vile vifaa vya kugundua hitilafu na kukata umeme, si upepo, kwa hivyo nitakuelekeza kutokea upande wa waya. Mtoto wa kaka yangu anayesoma ufundi umeme pale Taasisi ya Karume, Mbweni, ndiye anayenisumbua: "Ami, upepo wote huu Makunduchi, kwa nini hatuutumii?" Tunaweza kuutumia. Lakini kuna mpangilio wake, na ukiuvuruga utajenga minara mizuri ya kupigia picha.

Kwanza ijue gridi unayoingia. Unguja inalishwa kutoka bara kwa nyaya za chini ya bahari za msongo wa kilovolti 132, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kiasi cha kilomita 37. Wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, uwezo wake megawati 45. Wa pili ulianza kazi mwaka 2013, megawati 100. Umeme unaingia Mtoni, unashushwa hadi kilovolti 33, kisha ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, wanausambaza. Pemba ina waya wake kutoka Tanga tangu mwaka 2010, kilovolti 33, megawati kama 20. Kwa hivyo tunaposema gridi ya taifa, sisi tumekaa mkiani, na mkia ndio unaopigwa kila ng'ombe akishtuka.

Upepo upimwe, usisimuliwe

Mvuvi yeyote wa Jambiani atakwambia kaskazi ni Disemba hadi Machi, kusi linashika baada ya masika hadi Septemba au Oktoba, na katikati yake ni tanga mbili, upepo haueleweki. Vijana wa kaiti wa Paje nao wanazijua tarehe hizo. Yote ni kweli, na hayatoshi, kwa sababu upepo unaosukuma ngalawa uko mita chache juu ya maji na mapanga yanazunguka mita 80 au zaidi juu ya ardhi.

Simamisha mlingoti mrefu wenye vipimo kwenye vimo kadhaa, uache mwaka mzima usiopungua, ukirekodi wastani wa kila dakika kumi pamoja na mwelekeo. Sababu ya ukali huu ni hesabu moja: nguvu iliyomo kwenye upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi. Upepo wa mita 6 kwa sekunde una nguvu mara 1.7 ya upepo wa mita 5. Ukikosea mita moja tu kwenye kipimo, umeikosea biashara yote. Kuna kanuni ya kukadiria kwamba kutoka mita 10 kwenda mita 80 kasi huongezeka kama theluthi moja, lakini kanuni hiyo ni ya uwanda usio na vizuizi. Juu ya minazi na mapaa ya nyumba mambo hubadilika, ndiyo maana nasema pima.

Mnara wa kawaida huanza kutoa umeme kasi ikifika mita 3 au 4 kwa sekunde, hufikia uwezo wake wote kwenye mita 12 au 13, na hujizima wenyewe kwenye mita 25 ili usivunjike. Pwani yetu ya mashariki ina bahati moja: kaskazi linatoka kaskazini mashariki na kusi linatoka kusini mashariki, basi mstari mmoja wa minara uliolala sambamba na pwani unazipokea pepo zote mbili bila mnara kuukingia mwenziwe. Safu mbili za minara, moja nyuma ya nyengine, sizipendi kwa Unguja. Ardhi yenyewe iko wapi?

Kisha zitazame zile wiki za tanga mbili. Zipo siku mapanga yatasimama kabisa na watu watataka umeme vilevile. Hapa ndipo wanasiasa hukosea hesabu, wakatoa megawati za upepo kwenye mahitaji ya waya. Upepo hupunguza bili ya umeme tunaonunua bara. Haja ya waya iko palepale.

Laini kabla ya mnara

Kenya walijenga minara 365 kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, jumla megawati 310. Minara ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuupeleka umeme huo Suswa ilikamilika Septemba 2018. Kipindi chote hicho mapanga yalikuwa na upepo na hayakuwa na pa kuupeleka umeme, na nchi ikalazimika kulipa fidia ya ucheleweshaji. Kwa hivyo mkataba wa laini usainiwe kabla ya mkataba wa minara. Ikishindikana, yote miwili isainiwe siku moja.

Kwetu laini si ndefu hivyo, lakini ina ugonjwa wake. Ukiifunga minara kwenye ncha ya laini ya kilovolti 33 iliyojengwa kulisha vijiji na mahoteli, mchana wa kusi kali na matumizi madogo umeme utarudi nyuma kuelekea Mtoni, na volti kwenye ncha itapanda. Majokofu ya watu yataungua na lawama utabeba wewe. Rilei nyingi za zamani, tena, hazijui umeme unaorudi nyuma. Zimewekwa kwa imani kwamba umeme hutoka mjini kwenda shamba tu. Hizo zibadilishwe kwa zenye kutambua mwelekeo.

Kipimo cha kutumia hapa ni uimara wa pale unapojiunga. Chukua nguvu ya umeme inayoweza kumiminika pale hitilafu ikitokea, uigawanye kwa megawati za minara yako. Jibu likiwa chini ya 3, mahali hapo ni dhaifu: jenga laini yako peke yako hadi kituo kikubwa, au punguza minara. Na nyaya za baharini zenyewe, usiku matumizi yakishuka, huzalisha ule umeme wa riaktivu usiowasha taa lakini unaopandisha volti. Minara ya kisasa ina inveta, vifaa vya kielektroniki vya kuugeuza umeme ulingane na wa gridi, zinazoweza kuufyonza, baadhi yake hata wakati upepo umelala. Dai uwezo huo kwenye zabuni, kwa maandishi. Kuuongeza baadaye ni ghali.

Usafirishaji nitaupitia haraka. Panga moja la mnara wa megawati mbili lina mita kama 50, halikunjiki, na litashuka Bandari ya Malindi kisha lipite njia ya Jozani kwenye miti iliyoinamia barabara, ambako kima punju wana haki yao ya kupita. Tembea njia yote na futi ya kupimia kabla hujaagiza chochote. Na urefu wa minara uwapelekee mapema watu wa usalama wa anga.

Waya wa bahari ukikatika

Hapa ndipo pa kukaa.

Gridi ya Tanzania inakwenda kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na wanaozishika hezi hizo ni majenereta mazito ya bara: mabwawa ya Kidatu na Mtera, Bwawa la Nyerere lenye mashine tisa za megawati 235, mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo. Ukishawaona watu wakilivuta dau kulipandisha pwani, utanielewa. Mmoja anaimba, wengine wanavuta kwa kuufuata wimbo. Minara mingi ya upepo ina nguvu ya kuvuta lakini haijui kuimba. Inveta zake zinausikiliza mtandao, zinashika mdundo uliopo, zinaongeza nguvu zao juu yake. Na kwetu sisi mwimbaji yuko ng'ambo ya bahari.

Mei 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 kiza kikarudi, kikakaa hadi Machi 2010. Wenye umri wanakumbuka ndoo, kwa sababu visima vinavyotulisha maji vinaendeshwa na pampu za umeme. Hadi leo utamsikia mtu akisema laiti tungekuwa na minara ya upepo wakati ule! Na kweli upepo ulikuwapo, mara ya kwanza kusi likianza, mara ya pili kaskazi limekolea. Lakini minara ya kawaida ingesimama kimya kama mikokoteni. Hakuna wa kuimba, hakuna anayevuta. Tena rilei zingeilazimisha isimame, ili fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa asiuliwe na umeme uliotoka Makunduchi.

Kwa hivyo amua mapema, kwenye karatasi, waya ukikatika minara itafanya nini. Njia ya kwanza ni kuizima yote. Rahisi, salama, na minara yako haina faida siku ya shida. Njia ya pili ni kuweka betri kubwa yenye inveta inayoweza kuanzisha mdundo wa hezi 50 yenyewe, ikisaidiwa na majenereta ya dizeli, kisha minara ikaruhusiwa kurudi mmoja mmoja. Mimi nachagua ya pili, na betri naitaka Mtoni, si shambani kwenye minara. Wauzaji wataishabikia shamba kwa sababu wanauza vitu viwili kwa mfuko mmoja. Lakini Mtoni ndipo laini zote zinapokutana, na ndipo utakapochagua nani awake kwanza. Orodha hiyo nayo iandikwe kabla: Hospitali ya Mnazi Mmoja, pampu za maji, minara ya simu. Mahoteli yana majenereta yao, yasubiri.

Na ukiwa kwenye hali hiyo ya kisiwa peke yake, usiruhusu upepo ubebe mzigo wote. Wingu moja la mvua likipita juu ya minara linaweza kuupandisha au kuushusha upepo ghafla, na betri lazima iwe na nafasi ya kumeza ziada na akiba ya kuziba pengo.

Kuna kisa cha Australia Kusini kinachotuhusu, kwa sababu jimbo lile nalo limeegemea laini ya jirani. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha nguzo za chuma za laini kubwa, volti ikayumba mara kadhaa mfululizo. Mashamba kadhaa ya upepo yalikuwa na mpangilio ndani ya programu unaosema: ukistahimili myumbo mara kadhaa kwa muda mfupi, jizime. Yakajizima. Megawati 456 zikapotea kwa muda usiofika sekunde saba, laini ya kutoka Victoria ikabebeshwa kuliko uwezo wake ikaruka, na jimbo zima likazimika. Mapanga hayakuwa na kosa. Namba iliyofichwa kwenye programu ndiyo iliyowazima. Kwa hivyo mwenye mradi akabidhi orodha kamili ya mipangilio ya ulinzi ya kila mnara kwa ZECO na kwa chumba cha kuongozea gridi cha TANESCO, Ubungo, na asibadilishe hata moja bila ruhusa.

Ubungo wanahitaji pia utabiri wa kila saa wa kesho yake, na kuurekebisha siku inavyokwenda, wajue mashine gani ya maji waipunguze ili kuuachia upepo nafasi. Maji ya bwawa hayaharibiki yakisubiri. Kwenye mkataba kuwe na kifungu kimoja kisichokwepeka: chumba cha kuongozea kikiamuru minara ipunguze, nani analipia umeme ambao haukuzalishwa, na kwa saa ngapi kwa mwaka. Ile namba ya usiku wa Mei itakusaidia kukisia saa hizo.

Pemba hesabu ni hiyohiyo, ila mnara mmoja wa megawati mbili ni sehemu ya kumi ya waya wote. Ukizimika ghafla, Chake Chake wataona taa zikicheza. Huko weka minara midogo zaidi, na betri kabla ya mnara wa pili.

Ukishajenga, usikubali kupokea mradi kwa kukata utepe. Pokea kwa jaribio. Watangazie watu wiki mbili mbele, redioni na misikitini, hospitali wawashe jenereta, chagua saa ambayo matumizi ni madogo, kisha ukateni kwa makusudi umeme wa waya wa bahari muone betri inashika mdundo au haishiki, na minara inarudi kwa mpangilio au inagombana. Rekodini kila rilei iliyofanya kazi na kila iliyotakiwa kufanya ikanyamaza. Jaribio hilo lifanywe Julai kwenye kusi, lirudiwe Januari kwenye kaskazi, na malipo ya mwisho ya mkandarasi yabaki benki mpaka la pili lifaulu.